Mwamini na Tirasi, Mbwa wa Bwana Kamba

Siku Bwana Kamba alipobebwa kwenye machela kwenda kupanda meli, nusu ya Rumonge ilishuka ufukoni. Hawakwenda kumuaga. Walikwenda kuona mbwa wake atafanywa nini.

Bwana Kamba alikuwa Mdachi, mpima ardhi. Jina lake hasa lilivunja ulimi, na kwa kuwa kila alikopita wapagazi wake waliburuta kamba ndefu ya chuma, watu walimbandika hilo, naye akaliitikia. Alikaa Rumonge miaka miwili, hata homa ikamshika, ile inayogeuza mkojo rangi ya damu. Meli ya serikali ilipotia nanga alikuwa amebaki ngozi na macho. Nahodha alikubali kumpakia yeye na masanduku yake. Lakini mbwa, nahodha alimkataa katakata.

Na mbwa mwenyewe hakuwa wa kusahaulika. Mbwa wa Rumonge walikuwa wembamba, wekundu, wepesi kama sungura, mali ya wawindaji. Huyu mabega yake yalifika kiunoni mwa mtu mzima. Rangi yake majivu yaliyonyeshewa mvua, kichwa chake kama mtungi, na alipobweka mara moja tu mbuzi wa mtaa mzima waliacha kutafuna. Warundi walioshuka kutoka milimani siku za soko walimpitia mbali, mikono midomoni, wakisema, "Mana yanje!" yaani Mungu wangu. Bwana wake alimwita Tirasi.

Basi pale ufukoni Bwana Kamba alimwambia mbwa neno moja, mbwa akaketi mchangani. Kisha akamwita askari mmoja, akasema naye kwa sauti ndogo. Askari akatikisa kichwa, akarudi nyuma hatua kumi, akajaza bunduki risasi. Watu wakaelewa. Mgonjwa hakutaka mbwa wake afe njaa, wala ageuke mbwa mwitu na kula mifugo ya watu.

Katika watu wale alikuwemo Mwamini, mke wa Aruna mchuuzi wa mawese. Mumewe alikuwa safarini Ujiji na mtumbwi wa mafuta, kama ilivyokuwa kawaida yake miezi mingi ya mwaka, na Mwamini alikuwa amemfulia nguo Bwana Kamba muda wote ule wa miaka miwili. Ndiyo sababu alimtazama mbwa kuliko alivyomtazama askari. Aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Mbwa yule aliijua bunduki. Alikuwa amekwenda nayo kuwinda mara nyingi, alijua ikiinuliwa kinachofuata ni kifo. Masikio yalimlala, ngozi ya mgongo ikawa inamcheza. Lakini hakuinuka. Alikuwa ameambiwa akae, naye alikaa, macho yake kwa bwana wake, akiisubiri risasi kama mtu anavyosubiri zamu yake kisimani.

Katika maisha yake Mwamini hakuwa ameona utii wa namna ile, si kwa mnyama, si kwa binadamu.

"Ngoja!" akapiga kelele. Hata yeye sauti yake ilimshtua.

Askari akageuka. "Unasemaje, mama?"

Mwamini alipiga goti moja mchangani, akaita kama alivyokuwa akisikia kila asubuhi akifua nyuma ya nyumba ile: "Tirasi! Hia!"

Mbwa akamtazama. Kisha akaitazama machela. Bwana Kamba alikuwa amefumbua macho. Polepole akanyanyua mkono wake mkavu, akauelekeza kwa Mwamini. Ndipo yule mnyama alipoinuka, akatembea katikati ya watu waliokuwa wakikimbia huku na huku kumpisha, akaja akasimama ubavuni mwa mwanamke yule.

"Unajua lugha yake?" askari akauliza, bunduki ikiwa imeshuka.

"Najua maneno matano," Mwamini akasema.

Maneno yenyewe, kwa sikio lake, yalikuwa haya: hia, maana yake njoo, zitsi, kaa, platsi, lala chini, bulaibu, baki hapo usiondoke, na ausi, achia. Kwa maneno hayo matano, na mnyororo aliopewa na wapagazi, Mwamini alimwongoza Tirasi kwenda nyumbani, na nyuma yao njia yote ilikuwa tupu.

Nyumbani alikuwepo Bi Esha, mama yake Aruna. Alikuwa mama wa swala tano, asiyeruhusu hata kuku kupita mbele ya mkeka wake. Alimwona mkwewe akiingia uani na kitu kile, akashika nguzo ya kibaraza.

"Mke wa Aruna. Umeleta nini hapa?"

"Mbwa, mama."

"Mbwa naona. Nauliza umeleta nini katika nyumba ya Waislamu? Malaika wataingia wapi?"

"Mama, walikuwa wanamuua."

"Kila siku vinauawa vitu vingi. Vyote utavileta?"

Na katikati ya maneno hayo Kadidja, binti wa Mwamini, mtoto wa miaka mitano, alitoka jikoni na kipande cha muhogo mkononi. Akasimama. Uso wake na uso wa mbwa zilikuwa sawasawa kwa kimo. Kadidja akasema, "Ee, kubwa!" kisha akauma muhogo wake.

Bi Esha alituma aitwe Mwalimu Mustafa, aliyesomesha Kurani watoto wa mtaa. Mwalimu alikuja hadi nje ya wigo, akamwona Tirasi kupitia matete, akaamua kwamba nje ya wigo panatosha kabisa kwa mazungumzo.

"Bi Esha," akasema, akisafisha koo, "mbwa wa kulinda, wa kuwinda na wa mifugo ameruhusiwa. Asiyeruhusiwa ni wa kufugwa bure bure. Mate yake ni najisi: akilamba chombo, kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Alale nje. Zaidi ya hapo mimi sina neno." Akarudi nyuma hatua moja. "Mnyororo huo ni imara?"

"Ni imara, Mwalimu," Mwamini akasema.

"Alhamdulillahi," Mwalimu akasema, akaondoka upesi kuliko alivyokuja.

Basi mbwa akabaki, kwa sharti la Bi Esha: asikanyage kibaraza, asikaribie chombo, na siku atakapomdhuru mtu, atoke yeye na aliyemleta.

Siku tatu Tirasi hakula. Alilala katika pembe ya ua, uso kuelekea ziwani, na kila upepo ulipoleta harufu ya maji pua yake ilitikisika. Jirani mmoja alishauri apigwe ili ajue mwenye nyumba mpya ni nani. Mwamini alikataa. Mpishi wa Bwana Kamba aliwahi kumwambia kwamba mbwa wa aina ile hapigwi. Ukimpiga unamharibu, anakuwa mwoga, na mwoga mwenye meno yale ni balaa. Kwa hiyo hakumpiga, wala hakumbembeleza. Alichukua kinu chake na chikichi zake, akaenda akaketi karibu na mbwa, akampa mgongo, akatwanga. Kazi zake zote za siku alizihamishia pembe ile. Siku ya nne, alipokuwa akichambua ndagala, alisikia pumzi ya moto kwenye bega lake. Akachukua samaki mmoja mkavu bila kugeuka, akaunyoosha mkono nyuma. Samaki akachukuliwa kwa midomo tu, kwa ulaini ambao Mwamini hakuutegemea, kama mtu anayeokota sindano.

Kisha mbwa akamwegemea. Uzito wake wote akauegemeza mgongoni mwa Mwamini, na Mwamini akajikaza kwa mikono miwili asianguke kifudifudi kwenye ndagala. Akakaa hivyo mpaka ganzi ikampanda miguu. Hakuthubutu kuondoka.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mwamini alifahamu kwamba mbwa wa namna ile hawezi kuachwa ajifunze mwenyewe kuishi na watu. Kosa la mbwa mdogo ni kelele. Kosa la huyu lingekuwa msiba. Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, alimfundisha. Alimfundisha kutembea ubavuni bila kuvuta mnyororo, maana akivuta, Mwamini aliruka hewani kama kishada. Alimfundisha kwamba mlango hapiti mpaka mtu apite kwanza. Alimfundisha kuku. Hilo la kuku lilichukua majuma mawili. Alimwambia platsi, akalala. Akamwekea kifaranga katikati ya miguu yake ya mbele, kila mguu mzito kama mchi, na yeye Mwamini akaketi mbele yake. Siku ya kwanza Tirasi alitetemeka mwili mzima, mate yakamtiririka, lakini hakufungua mdomo. Siku ya kumi alikuwa akisinzia, na kifaranga amejificha shingoni mwake kutafuta joto.

Neno alilolishughulikia zaidi ni ausi. Alimpa mfupa, akamwacha autafune kidogo, kisha akasema ausi. Tirasi akiuachia, Mwamini alimpa samaki, halafu akamrudishia na mfupa wake. Asubuhi na jioni, siku arobaini na zaidi.

Bi Esha aliutazama mchezo huo kutoka kibarazani, tasbihi mkononi. "Unampa, unamnyang'anya, unamrudishia. Huo ni upuuzi gani?"

"Nataka ajue kuwa neno langu halimnyimi kitu, mama. Akilijua hilo, siku nitakapomwambia aachie kitu asichotaka kukiachia, ataachia."

"Na asipoachia?"

Mwamini akautazama mfupa mkononi mwake. Alikuwa ameyaona meno yale yakivunja goti la ng'ombe kama muwa.

Kadidja yeye hakungoja mafunzo. Alimfanya Tirasi ukuta wa kuegemea, kivuli cha kulalia, na mtu wa kusimuliwa mambo yote. Shida ilikuwa mkia: mara mbili ulimwangusha mtoto kwa furaha tu. Kwa ajili hiyo Mwamini alimwongezea mbwa neno la sita, la Kiswahili: polepole. Alimshika kifua kila Kadidja alipokaribia, akasema polepole, polepole, mpaka ikawa yule mnyama akimwona mtoto anapunguza mwendo mwenyewe, anauinamisha ule mtungi wa kichwa, na kuweka miguu chini kama anayetembea juu ya mayai. Kuona nguvu nyingi kiasi kile zikijipunguza zenyewe kwa ajili ya mtoto kulimfanya hata jirani aliyekuja wigoni kucheka asicheke.

Aruna alirudi kutoka Ujiji mwisho wa mwezi wa nne. Alipandisha mtumbwi, akajitwisha mzigo wa chumvi ya Uvinza begani, akaja nyumbani akiimba. Alipousukuma mlango wa ua akakuta umejaa mbwa. Tirasi hakubweka, hakukenua. Alisimama tu, akiwa ameziba njia yote, akamtazama mwenye nyumba machoni.

"Mama Kadidja!" Aruna akaita, bila kutikisika. "Mama Kadidja, iko nini hapa mlangoni?"

Mwamini akatoka mbio. "Tirasi, platsi." Mbwa akashuka chini pale pale, kama hema lililokatwa kamba. "Pita, Baba Kadidja. Karibu nyumbani. Pita tu."

Aruna akamtazama mbwa, akamtazama mkewe, akamtazama tena mbwa. Mzigo ulikuwa bado begani, ameusahau. "Mimi nilimwacha hapa mwanamke anayeogopa mjusi," akasema.

"Mjusi bado namwogopa."

Aruna akacheka hadi akaketi juu ya chumvi yake. Lakini usiku na mchana wa majuma yaliyofuata alikuwa akimtazama mkewe kwa namna mpya, na alipokuwa na wageni alisema, kana kwamba ni jambo dogo, "Subirini kwanza mke wangu amwambie mbwa."

Mwaka ukapita, na nusu ya mwingine.

Zama hizo Wadachi walikuwa wamekwisha kutangaza kwamba biashara ya watu imekoma, na waliokamatwa nayo walipelekwa bomani Usumbura. Lakini ziwa ni pana na boma ni moja. Mitumbwi ilikuwa bado ikivuka kutoka ng'ambo, saa zisizotarajiwa, ikaiba mtoto hapa, msichana pale, ikapotea. Watu walilijua jambo hilo kama wanavyojua mamba: unaogopa, lakini maji lazima uchote.

Kiangazi kimoja, adhuhuri, wanaume wengi wakiwa hawapo, wanawake wa mtaa walikuwa wakianika ndagala kwenye mchanga karibu na mdomo wa mto Murembwe. Jua lilikuwa kali, ndagala ziling'aa mchangani kama fedha iliyomwagwa. Mwamini alikuwa akigeuza samaki wake, Tirasi amelala nyuma yake kwa neno la bulaibu, maana hakuruhusiwa kukaribia samaki walioanikwa. Kadidja na wenziwe wawili walikuwa wakichimba visima vidogo ukingoni mwa maji, umbali wa kutupa jiwe.

Mtumbwi ukaja na watu wanne. Ulikuwa na vifurushi vya majani ya migomba, kama vya chumvi. Mmoja akashuka, mrefu, kofia nyeupe kichwani, akawasalimu watoto kwa upole, akawauliza kama mama zao wanataka chumvi. Mwamini alinyanyua kichwa kujibu. Katika kunyanyua kichwa kule akaona mkono wa yule mtu ukimzoa Kadidja kiunoni, na mwingine ukimziba mdomo.

Wanawake walipiga ukelele. Mwamini alikimbia, lakini mchanga ulikuwa mzito na yule mtu tayari alikuwa majini, maji magotini, maji mapajani. Wenziwe walikuwa wamekwisha kugeuza mtumbwi, makafi mikononi. Mwamini akajua hafiki. Ndipo akakumbuka kwamba nyuma yake kuna aliyeambiwa abaki, naye, kwa kuwa ameambiwa, amebaki. Neno la kumtuma mbwa kwa mtu hakulijua. Bwana Kamba hakuwahi kulitumia mbele yake, na yeye hakuwahi kutaka kulijua. Alichokuwa nacho ni neno alilomwambia kila asubuhi mafunzo yakiisha, la kumfungua.

"Tirasi! Haya!"

Alisikia mchanga ukipigwa kama ngoma. Kitu cha rangi ya majivu kikampita, kikaruka juu ya ndagala bila kuzigusa, kikaingia ziwani, na maji yakapasuka pande mbili. Mtu mrefu aligeuka mara moja tu. Alimwachia mtoto ili atoe kisu, na kisu hakikutoka. Tirasi alimkamata begani, akamzungusha, akamburuta kupitia maji hadi nchi kavu kama mvuvi anavyoburuta wavu, mgongo chini. Kule ziwani mtumbwi haukungoja. Ulikuwa ukienda, makafi yakipiga kama mabawa ya bata aliyeshtuka.

Kadidja alisimama majini akikohoa. Mwamini akamnyakua, akamkumbatia, akamgusa kichwa, mikono, miguu. Mzima. Ndipo alipogeuka.

Tirasi alikuwa amesimama juu ya yule mtu, na taya zake zilikuwa zimeizunguka shingo yake. Hakuwa ameuma. Alikuwa ameshika tu. Meno yalikuwa yamebonyea kwenye ngozi, na damu nyembamba ilitoka begani ikaingia mchangani. Mtu macho yalikuwa wazi, yakiangalia jua bila kupepesa.

"Muache amuue!" wanawake wakapiga kelele. "Mwamini, muache amuue!"

Na Mwamini naye alitaka. Hakulificha jambo hili baadaye, alipokuwa akisimulia. Alisema kwamba kwa muda wa kuhesabu tano hivi alitaka kwa moyo wake wote, na kwamba alitambua hahitaji kufanya lolote. Ilitosha kunyamaza. Shingo ya mtu ilikuwa ndani ya kinywa chake yeye mwenyewe, ndivyo alivyoona, na meno yalikuwa yake. Hofu iliyomshika hapo ilikuwa kubwa kuliko ile aliyokuwa nayo akikimbia. Mbwa alikuwa amezungusha jicho moja, jekundu, likimtafuta yeye. Nguvu zote zile zilikuwa zikimsubiri mwanamke mfua nguo aseme.

"Ausi," Mwamini akasema. Akasema tena, "Tirasi. Ausi."

Taya zikafunguka.

Kulikuwa na sauti ya mawimbi madogo tu, na pumzi za mbwa.

"Zitsi. Bulaibu."

Tirasi akaketi mbele ya yule mtu, kifua kimeinuka, maji yakimchuruzika, akamtazama. Yule mtu alijaribu kuinua kiwiko. Tirasi hakufanya kitu ila kunguruma, chini kwa chini, na kiwiko kikarudi mchangani chenyewe. Mwamini, Kadidja mgongoni, alimfungia jeraha la bega kwa kipande cha nguo, akasimama kando.

Baada ya muda mtu yule akasema, midomo haimchezi sana, "Mama. Ongea naye tena. Usinyamaze, mama, nakuomba."

"Hatakudhuru mpaka nimwambie," Mwamini akasema.

"Ndiyo naomba. Ongea naye, nisikie unaongea."

Basi Mwamini akaongea. Akakaa pale mchangani tangu adhuhuri hadi alasiri, akimwambia mbwa wake maneno yasiyo na maana, vema Tirasi, kaa baba, hivyo hivyo, na kwa muda wote ule mbwa hakuinuka, hakujikuna, hakufukuza inzi waliomwingia machoni. Wanaume waliporudi na kumkamata mwizi, walimkuta amelowa jasho kana kwamba bado yuko ziwani. Walimfunga kamba, naye akasema asante. Wakampeleka kwa mkuu wa mji, na kutoka huko akapelekwa bomani.

Bi Esha hakuwepo ufukoni siku hiyo. Alihadithiwa na watu kumi, kila mmoja kwa namna yake. Kulipokucha, baada ya sala ya alfajiri, alishuka kibarazani akiwa na birika na bakuli la udongo. Akaenda hadi pembe ya Tirasi. Mwamini, aliyekuwa akiwasha moto, aliacha kupuliza.

Mama yule alinyoosha mkono wake wenye pete ya fedha, akauweka juu ya kichwa kile kikubwa. Akauacha hapo muda mrefu. Midomo yake ilikuwa ikisoma kitu. Kisha akarudi nyuma, akanawa mkono kwa udongo, akanawa kwa maji, mara saba kamili bila haraka, akaenda zake kutandika mkeka.

"Mama," Mwamini akasema, "si lazima umguse."

"Najua si lazima," Bi Esha akajibu. Na kesho yake akafanya vile vile.

Habari ikatembea na ziwa. Watu walikuja kutoka Nyanza na kutoka upande wa Muhuta, wengine mwendo wa siku mbili, kumwona mbwa aliyemshika mtu shingo na kumwachia. Mrundi mmoja mwenye ng'ombe alishuka kutoka milimani, akasimama wigoni kutwa nzima, akasema atatoa mtamba kwa mbegu ya mnyama yule. Tirasi mwenyewe alikuwa amekwisha kulishughulikia jambo hilo bila kuulizwa na mtu. Mbwa majike wekundu wa wawindaji walizaa watoto wenye mabega mapana na miguu iliyowazidi kimo, na wenye nao walipoona hawawawezi walikuja kwa Mwamini. Hakuwakataza kuchukua mbwa, ila hakumwachia mtu aondoke na mtoto wa Tirasi kabla hajakaa naye siku arobaini pale uani, akinyang'anya mfupa na kuurudisha. Mtu aliyempiga mbwa wake mbele ya Mwamini alirudi kwao mikono mitupu, awe nani.

Mwaka wa nne mbung'o walizidi kando ya mito. Ulikuwa wakati wa malale, serikali ikifyekesha vichaka na kuwahamisha watu kutoka baadhi ya vijiji vya ufukoni. Ugonjwa huo haukuchagua. Tirasi alianza kukonda, macho yakamwingia ukungu, miguu ya nyuma ikawa inamkokota. Mwamini alimlisha mchuzi wa samaki kwa kiganja. Mwishoni alipokuwa hawezi kusimama, Kadidja, sasa msichana wa miaka tisa, alilala ubavuni mwake mchana kutwa akimpepea, na kila alipomkaribia, mbwa yule alijaribu bado kuupunguza mkia wake. Alikufa asubuhi moja ya mvua ndogo, Mwamini akiwa ameketi kando, amemwegemea kwa mgongo.

Aruna alianza kuchimba nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Kaburi la mbwa yule halikuwa kazi ya mtu mmoja. Shimo halikuwa limemfika magotini Mwalimu Mustafa alipoingia kwa mlango wa ua, bila kusimama nje ya wigo, jembe begani.

"Mwalimu," Aruna akasema, akishika kiuno, "sitaki kukutia katika jambo la..."

"Mimi sikuja kusoma," Mwalimu akasema. "Nimekuja kuchimba tu." Akakunja kanzu, akaingia shimoni.

Walichimba hadi jua lilipotoka mawinguni. Majirani wakaja mmoja mmoja, wakakaa chini bila kuitwa, kama watu wanavyokaa matangani. Bi Esha aliketi kwenye mkeka mlangoni mwa ua. Mwanamke wa Kirundi aliyekuwa akipita njiani na chungu cha mawese kichwani aliona jembe na watu, akapunguza mwendo.

"Amahoro, mama. Mumefiwa?"

"Tumefiwa," Bi Esha akasema.

"Ni nani?"

"Wa hapa nyumbani."

Yule mwanamke akatua chungu chake, akapiga magoti mbele ya Bi Esha, akampa mikono yote miwili na kumpa pole kama wanavyopewa wafiwa. Bi Esha akaipokea. Hakuna hata mtu mmoja pale uani aliyemwambia kwamba anayezikwa ni mbwa.